Mwaka Truphena Aliposema Kweli

Truphena alizikwa Jumamosi iliyopita, kwao Vihiga, na mimi niliyatazama mazishi yake kwenye simu, nikiwa jikoni kwangu hapa Erdington, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Picha ilikuwa ikikatika. Mara niliona hema na migongo ya watu, mara kiatu cha huyo aliyekuwa akitupigia picha. Kijana wake mkubwa, Kevin, aliposimama kusoma wasifu wa mama yake, mtandao ukatulia na nikamsikia vizuri. Alisoma mahali alipozaliwa, shule alizosoma, mwaka alipookoka, kwaya alizoimba. Alipofika sehemu ya Uingereza akasema, "Mama alifanya kazi ng'ambo kwa muda, kisha akarudi nyumbani." Akameza mate, akafungua ukurasa wa pili. Basi, ikawa imepita. Simlaumu. Kevin anajua kwa nini mama yake alirudi, na huenda ningekuwa mimi nimesimama pale mbele ya jeneza, na mchungaji ananitazama na jua linachoma, nami ningepita hapo haraka. Lakini nilizima jiko, nikaketi, na chakula cha mchana siku hiyo hakikupikwa. Nilikuwepo mwaka ule. Tuliishi nyumba moja tukiwa watatu, sasa tumebaki wawili, na Mama Furaha ameanza kusahau mambo.

Nilifika Birmingham mwezi wa kwanza, msichana wa miaka ishirini na kitu, nimevaa koti la kuazima lililonipwaya mabegani. Truphena ndiye aliyekuja kunipokea kwenye kituo cha basi, kwa sababu mwanamke wa kanisani kwetu Wundanyi alikuwa na namba yake, na yeye hakuwahi kunijua kabla ya siku hiyo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya chini. Alinichukua hadi nyumba aliyokodi Kingstanding, moja ya zile nyumba za matofali mekundu zinazofanana mtaa mzima mpaka unajikuta unabisha kwa jirani. Chini kulikuwa na jiko na sebule ndogo. Juu kulikuwa na vyumba vitatu: changu na chake, kisha kile kidogo kando ya bafu, ambamo hakuna aliyelala. Mama Furaha, mjane kutoka Bukavu, alilala sebuleni kwa kupenda kwake, maana alisema magoti yake hayataki ngazi. Jikoni ndiko tulikoishi hasa. Tulipika ugali wa unga tulioutafuta kwenye duka la Wahindi, na mboga za majani za kizungu ambazo Truphena alizikatakata nyembamba sana na kuziita sukuma, na sisi tukakubali kwamba ni sukuma. Dirisha lilijaa mvuke. Mama Furaha aliweka pilipili pembeni katika kisahani chake, akatuhurumia kwa kula vitu visivyo na ladha.

Nilimjua Truphena ni mtu wa namna gani wiki ile ya kwanza. Kulikuwa na bwana mmoja wa kanisani aliyempenda Mama Furaha, naye hakumtaka. Simu ya nyumba ikalia, Mama Furaha akapunga mikono, "Mwambie siko. Nimetoka, nimeenda sokoni." Truphena akapokea simu akasema kwa upole, "Yuko hapa, Ndugu, lakini hataki kuongea na wewe leo." Akaiweka chini akaendelea kumenya viazi. Mama Furaha alimwangalia kwa muda mrefu. "Weye, Truphena," akasema, "Mungu atakulipa, lakini batu hawatakupenda." Tulicheka sana. Sikuona wakati ule kwamba ni jambo la kutisha kuishi na mtu ambaye hawezi kusema hata uongo wa simu. Hakuwa mtu wa kuhubiri. Hakutusahihisha sisi tulipodanganya. Ila ukimuuliza kitu alikujibu kile kilichokuwepo, na asubuhi kabla ya kutoka aliinamisha kichwa mlangoni, kofia ya sufu tayari kichwani, akamwomba Bwana amlinde mdomo wake. Nilidhani anaomba asigombane na wazungu.

Kile chumba kidogo kilikuwa cha watoto. Kevin na dada yake Sharon walikuwa kwa nyanya yao Vihiga, na Truphena alikuwa hajawaona tangu aondoke, Sharon akiwa bado anajifunza kusema. Alikuwa ameomba waruhusiwe kuja, karatasi zote zimekwisha pelekwa, kilichobaki ni jibu. Alinunua vitanda viwili vya mtumba akavifunga mwenyewe kwa bisibisi. Kila Jumamosi alipangusa vumbi katika chumba kisicho na mtu, akabadilisha mashuka ambayo hayakulaliwa. Ukipita ngazini ungemsikia humo ndani akiimba polepole, kama mtu anayebembeleza. Kila kitu kilitegemea kazi yake. Kibali chake cha kukaa nchini kilikuwa chini ya nyumba ya wazee iliyomwajiri, hapo Erdington, kama changu kilivyokuja kuwa baadaye. Kazi ikikatika, kibali kimekatika, na watoto hawaji. Hilo tulilijua sote kama tunavyojua majina yetu, na hatukulizungumza.

Aliniingizia ombi nami nikapata kazi palepale. Ilikuwa nyumba kubwa ya zamani yenye zulia la maua na joto kupita kiasi, harufu ya mchuzi wa nyama ya kuoka asubuhi na mchana. Meneja wetu aliitwa Denise, mwanamke mwembamba aliyekimbia badala ya kutembea. Ghorofa ya juu, chumba cha mwisho, alikaa Mama Kusum. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kisumu, baba yake alikuwa na duka la vitambaa huko, na alikuja Uingereza akiwa tayari ni mama wa mtoto. Kiharusi kilimlaza upande mmoja. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, lakini siku alipotusikia mimi na Truphena tukinong'onezana ukumbini aliita kutoka kitandani, "Nyinyi mbili! Kuja hapa. Nani nafundisha hawa wazungu kupika chai? Hii iko maji ya kuosha mikono." Tangu siku hiyo Truphena alimpikia chai ya maziwa na tangawizi katika jiko la wafanyakazi, na Mama Kusum aliipuliza, akainywa akiwa amefumba macho. Mwanzoni alituamuru kama alivyowaamuru wafanyakazi wa duka la baba yake, nami nilichukia. Truphena hakuchukia. Alimjibu, "Mama, sema tafadhali," na yule mzee akacheka, akasema tafadhali. Walifika mahali wakawa marafiki wa kweli. Nilizoea kuwakuta, mmoja amekaa kitandani, mwingine anamchana nywele kwa mafuta ya nazi, wanazungumza habari za mitaa ya Kisumu ambayo yamkini haipo tena. Mama Kusum aliwajua Kevin na Sharon kwa majina. Aliuliza kila siku, "Jibu nakuja?" na Truphena akasema, "Bado, Mama."

Binti yake, Nilam, alikuwa mwalimu, mtu wa haraka na mpole, aliyeishi Hodge Hill. Alikuja mara kwa mara. Jumapili moja mwishoni mwa kiangazi alimwahidi mama yake kwamba angefika mapema ampeleke hekaluni, kulikuwa na sherehe. Asubuhi ile Mama Kusum aliamka na furaha, akataka sari yake ya kijani. Sasa, kumtoa kitandani kulitaka watu wawili na ile mashine ya kuinulia wagonjwa: unamvingirisha mtu kwenye kitambaa kinene chenye mikanda, unaning'iniza mikanda kwenye ndoano, mmoja anaendesha mashine na mwingine anamshika mgonjwa. Wawili, kila mara. Hiyo ndiyo sheria na tulifundishwa hivyo. Lakini wafanyakazi walikuwa pungufu tangu masika, na mara kwa mara Denise alimwita mmoja wenu aende ghorofa nyingine, akisema kwa kupita, "Utaweza peke yako, mpenzi, wewe ni hodari." Asubuhi ile mwenzake wa Truphena ndiye aliyeitwa. Truphena akangoja. Akabonyeza kengele, akangoja tena. Mama Kusum alihitaji choo, hakuweza tena kujizuia, akaanza kulia kwa aibu, sari ya kijani imetandazwa kando yake. Truphena akamwinua peke yake. Mkanda mmoja haukuwa umekaa sawasawa kwenye ndoano.

Mimi nilikuwa chini nikigawa uji. Nilisikia kishindo, kisha nikasikia Truphena akiniita kwa jina langu, Wakesho, mara moja tu, kwa sauti yake ileile ya chini. Nilipofika alikuwa amepiga magoti sakafuni, kichwa cha Mama Kusum kwenye mapaja yake. Mguu wa yule mzee ulikuwa umegeukia upande usiofaa. Denise akaingia, akatazama mashine, akatazama mtu aliye sakafuni, na rangi yote ikamtoka usoni. Aliita gari la wagonjwa. Halafu, palepale, kabla gari halijafika, alimpigia simu Nilam, na nikamsikia akisema, "Mama yako amejaribu kuinuka mwenyewe. Tumemkuta chini." Alisema huku akimtazama Truphena. Hakuwa na macho ya mtu mwovu. Yalikuwa macho ya mtu anayezama ambaye ameshika kilicho karibu. Truphena alifungua mdomo, lakini Mama Kusum alipiga yowe la maumivu, Truphena akainama kumtuliza, na neno halikutoka.

Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika. Walimfanyia upasuaji, kisha kifua kikajaa maji. Tulikwenda kumtembelea hospitali mimi na Truphena baada ya kazi, na kwa sababu nilikuwepo najua Mama Kusum alichosema. Alikuwa na bomba puani na sauti imekauka. Truphena alipoanza tu, "Mama, nataka kumwambia Nilam," yule mzee alimshika kidole. "Wewe nyamaza," akasema. "Mimi nasema kwa daktari, nimeanguka mwenyewe. Nimesema kwisha. Nilam pia nimesema. Watoto yako nakuja. Mimi iko mzee, leo kesho nakwenda. Wewe nyamaza." Truphena alilia bila sauti. Mimi nilishukuru moyoni, nasema kweli. Niliona Mungu ametupa njia ya kutokea, tena kupitia mdomo wa mtu asiyemwabudu Mungu wetu. Njiani kurudi, ndani ya basi, nilimwambia hivyo. Truphena alitazama nje, madukani, akasema tu, "Ananipenda sana yule mama."

Mama Kusum alikufa majani yakiwa yameanza kuanguka. Wiki chache baadaye Nilam alikuja kuchukua vitu vyake. Chumba kilikuwa kimefunguliwa dirisha, lakini mafuta ya nazi bado yalinukia. Tulimsaidia kukunja sari, na Denise akawa anaingia na kutoka, hakutaka kutuacha peke yetu. Nilam alikuwa amekonda. Alishika ile ya kijani akakaa nayo kitandani. Akaanza kuzungumza kwa Kiingereza, polepole, kama mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo peke yake mara nyingi. Alisema siku ile alichelewa. Alimwahidi mama yake atafika mapema, kisha akapitia dukani kununua maua ya hekaluni, akakutana na rafiki, wakasimama kuongea. "Angeinuka kwa nini, miaka yote hajainuka?" akasema. "Alikuwa ananitafuta dirishani. Alitaka kuona kama gari langu limefika." Kisha akamgeukia Truphena akauliza, "Aliniita? Ulipomkuta, alikuwa ananiita?" Truphena akasema, "Hapana, hakukuita." Denise akaingia na masanduku. Nilam akatushukuru sote wawili, akatukumbatia, akaondoka.

Kuanzia siku hiyo Truphena hakula. Alipika kama kawaida, akatupakulia, akaketi mbele ya sahani yake mikono mapajani. Nilijua anachofikiria na nilimwomba asifanye. Niliomba kwa kila njia niliyoijua. Nilisema, marehemu mwenyewe alikataza. Nilisema, aliyekutuma uinue peke yako ni Denise, mbona yeye analala usingizi. Mwisho nilisema, "Dada, ngoja basi watoto wafike. Wakishaingia nchini, sema." Akaniuliza, "Na Nilam angoje? Kila siku asubuhi aamke akijua amemuua mama yake, angoje watoto wangu wafike?" Mama Furaha alikuwa akiosha vyombo, ametupa mgongo. Huyu alikuwa amepita katika vita, amefukia watu wake kwa mikono yake. Akasema, "Mie nimeona batu wakubwa wakidanganya, wanakula vizuri, wanalala vizuri. Na weye utaenda kujichinja kwa kitu kidogo. Mais non, hapana, Truphena. Mungu si mjinga, anaona batoto wako." Truphena akasema, "Anawaona, Mama Furaha. Ndiyo maana nataka kumwachia yeye." Mama Furaha akaacha bomba la maji likimwagika.

Akaenda kwa mchungaji wetu, nami nikamsindikiza. Tuliabudu katika ukumbi wa kukodi, palepale Kingstanding, mchana baada ya wenye ukumbi kumaliza shughuli zao, na siku hiyo mchungaji alikuwa akikunja viti. Mchungaji Amos alikuwa kijana bado, mwenyewe akifanya kazi ghalani wiki nzima. Alimsikiliza hadi mwisho, akiwa na kiti mkononi. Alisema maneno ya busara. Alisema kuungama ni kwa Mungu, na kwamba tayari ameungama, na yule aliyeumizwa alimsamehe waziwazi. "Dada yangu, marehemu amekusamehe. Nani mwingine unamtafuta?" Truphena akajibu, "Marehemu alinisamehe mimi, Mchungaji. Lakini Nilam nani atamsamehe, kwa kosa ambalo hakulifanya?" Mchungaji Amos akakiweka kile kiti chini, akakikalia. Kisha akasema, "Sijui nikushauri nini. Nikikwambia usiende nitakuwa nimesema uongo, na nikikwambia nenda, nitakuwa nimewafungia watoto wako mlango." Akatuombea. Sikumbuki aliomba nini.

Tulienda Hodge Hill Jumamosi mchana. Nilam alitukaribisha kwa furaha, akidhani tumekuja kumpa pole. Nyumba ilikuwa safi, picha ya Mama Kusum ukutani imevikwa shada. Akatupikia chai ileile, ya maziwa na tangawizi, akasema mama yake alimwambia kwamba Truphena ndiye pekee aliyejua kuipika katika nchi hii. Truphena hakugusa kikombe. Alimwambia yote, kwa Kiingereza chake cha taratibu, bila kumtaja Denise ila pale ilipobidi. Alisema alikuwa peke yake, alisema kuhusu mkanda. Alisema, "Mama yako hakuinuka. Hakwenda dirishani. Alikuwa amefurahi, alikuwa akijiandaa kwenda nawe. Ni mimi niliyemwangusha." Nilam hakulia. Alikitazama kikombe chake. Nilitegemea kitu fulani, sijui nini, labda kwamba uso wake ungefunguka, kwamba angepumua kwa mara ya kwanza tangu msiba. Haikuwa hivyo. Alisema, "Na mlinitazama nikikunja nguo zake." Akasema, "Mlinikumbatia." Truphena akasema ndiyo. Nilam akasimama, akafungua mlango wa mbele, akaushika wazi mpaka tukatoka. Baridi ikaingia ndani ya nyumba yake huku sisi tukihangaika kuvaa viatu.

Alilalamika mahali panapohusika, kama alivyokuwa na haki. Kukawa na maswali. Truphena alisimamishwa kazi siku hiyohiyo Denise alipojua. Niliitwa nami, nikasema mbele ya watu watatu waliovaa vizuri kwamba tulikuwa tukitumwa peke yetu mara nyingi, kwamba si Truphena tu, kwamba mimi pia, kwamba Denise alituambia sisi ni hodari. Waliandika. Waliuliza maswali ya adabu. Wakanishukuru kwa muda wangu, mmoja wao akanishikia mlango. Denise alisema hakumbuki kumwita mwenzake wa Truphena asubuhi ile. Nilikutana naye baadaye kwenye stoo ya mashuka akiwa analia, akaniambia mwenye nyumba ile angemfukuza na ana mama mgonjwa wa kumtunza. Nilisimama pale na mashuka mikononi. Sikuweza hata kumchukia vizuri. Mwisho ikaamuliwa kwamba Truphena alivunja sheria ya kuinua, jambo ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelisema, na hakuna mwingine aliyesema lake. Kazi ikakatika. Kanisa lilifunga na kuomba, mama mmoja alimjua wakili, wakili akasema hakuna la kufanya. Wengine walianza kumkwepa, si kwa chuki, bali kwa hofu, kwa kuwa karibu kila mmoja wetu alikuwa na kibali chini ya mtu fulani na siku moja ambayo hataki kuulizwa.

Aliwapigia watoto simu akiwa amekaa ngazini. Mlango wa jiko ulikuwa wazi na Mama Furaha nami tuliacha kutafuna. Alimwomba nyanya yao ampe Kevin, aliyekuwa kijana wa kuanza sekondari. Akamwambia hawatakuja tena. Akamwambia sababu: kwamba alifanya kosa kazini, mama mmoja aliumia mpaka akafa, naye alisema ukweli. Kisha sauti ya mtoto ikasikika, mbali lakini wazi, "Na ungenyamaza ingekuwaje?" Truphena akafunga macho. Akasema, "Mngekuja." Nilitaka kumpokonya ile simu. Nilitaka kumwambia yule mtoto neno lingine lolote. Truphena alibaki ameishika sikioni muda mrefu, na nadhani Kevin alikuwa amekwisha kuiweka chini.

Aliondoka kabla ya Krismasi. Vitanda viwili tuliwapa jamaa waliotoka Goma, waliokuwa wakilala sakafuni. Asubuhi ya kuondoka alipika chai, akafagia jiko, akatuombea sisi, si nafsi yake. Mama Furaha alimfungia maandazi kwa safari akamwambia kwamba ni mjinga, mjinga kabisa, akamshika mashavu kwa mikono yenye unga. Kwenye kituo cha basi nilimuuliza kama anajuta. Nilitaka aseme hapana, nipate kitu cha kushika. Alifikiri kwanza, kama alivyofanya daima. "Usiku najuta," akasema. "Nikiwafikiria watoto, najuta. Nikimfikiria Nilam, sijuti. Kisha nawafikiria watoto tena." Basi likaja. Sikuwahi kusikia kwamba Nilam alimtafuta. Kwa miaka mingi niliwaza kwamba siku moja angemwandikia, na mara nyingine, nikiwa karibu na Hodge Hill, nilijikuta natazama nyuso za wanawake wa umri wake. Kama aliamka asubuhi moja akiwa mwepesi kidogo, mimi sijui, na Truphena naye amekufa bila kujua.

Watu wakiniuliza imani yangu ilitoka wapi, hutegemea niwaambie habari ya maombi yaliyojibiwa. Sina. Ninayo habari ya mwaka ule, na mambo hayakunyooka. Niliendelea na kazi palepale, maana sikuwa na pengine. Kwa majuma machache tulikuwa wawili wawili kwa kila mgonjwa, Denise akihakikisha. Kisha baridi ikazidi, watu wakaugua, tukarudi kuwa pungufu. Asubuhi moja ya mwezi wa kwanza nilikuwa na Joan, bibi wa Kiingereza mwenye ulimi mkali, aliyekaa kile chumba cha mwisho ambacho kilikuwa cha Mama Kusum. Tulikuwa tumekwisha kumvingirishia kile kitambaa, mimi na mwenzangu mmoja, Denise alipochungulia akamwita mwenzangu aende chini. Akaniambia kwa kupita, "Utaweza, mpenzi." Mwenzangu akanitazama, akaenda. Mashine ilikuwa pale kando ya kitanda, mikanda inaning'inia. Ningeweza. Nilikuwa na nguvu, na Joan alikuwa mwepesi kama mtoto. Nilibonyeza kengele. Nikabonyeza tena. Nikavuta kiti nikaketi kando yake.

"Kwani huna kazi leo?" Joan akaniuliza. Nilimwambia kazi yangu ni yeye, ila siwezi kumwinua peke yangu, inabidi tungoje. Akanung'unika kwamba uji wake unapoa. Nikasema ndiyo, unapoa. Akasema wenzake watamaliza marmaledi yote ya kupaka mkate. Nikamfunika miguu vizuri, kwa sababu vidole vyake vilikuwa baridi, nikaviweka katikati ya viganja vyangu. Ukumbini watu walipita na visahani vikagongana, lakini hakuna hatua zilizosimama mlangoni kwetu. Nilijua Denise atakuja, na kwamba atakasirika, na kwamba kibali changu kiko mkononi mwake. Nilikuwa naogopa. Joan aliacha kunung'unika. Akanitazama usoni kwa muda, akauliza kwa sauti tofauti, ya mtu anayetaka kujua hasa, "Huyo mwenzako, atakuja?"

"Sijui," nikamwambia.